Nilitumia pesa ya ahadi ya kanisa kumlipia mjane kodi. Je, nimemwibia Mungu?

Shikamoo Mama,

Naomba unisaidie, maana tangu Jumatano ya wiki iliyopita sina amani.

Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Iringa mjini. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna watoto watatu, na wa kwanza amepata nafasi ya chuo mwaka huu, ila mkopo amepewa nusu. Sisi ni Walutheri. Jumuiya yetu ina kaya 14, na mimi ndiye mhazini, huu ni mwaka wa sita.

Usharika wetu unapaua kanisa. Kuta zimesimama miaka mitatu bila bati, na safari hii tuliazimia mvua zisitukute hivyo tena. Kila kaya ilipangiwa 50,000, na mwenye uwezo akaongeza ahadi yake. Mimi niliahidi 400,000. Niliitamka nikiwa nimesimama mbele ya watu, wakanipigia vigelegele.

Katika jumuiya yetu yupo bibi mmoja mjane, ana kama miaka sabini. Analea wajukuu watatu walioachwa na marehemu binti yake, wote wanaishi chumba kimoja cha kupanga. Anasuka vikapu vya milulu, lakini macho yamefifia, kikapu kimoja siku hizi kinamchukua wiki mbili. Mwanawe wa kiume yuko Dodoma, anaendesha bodaboda. Simu yake inakuja Krismasi kwa Krismasi.

Kila Jumatano tukimaliza ibada ya jumuiya huwa nasoma kitabu cha michango: jina, alichotoa, baki. Ndivyo tulivyozoea. Mwenyekiti anasema tusiposoma watu hawatoi. Mwezi wa nane nilipofika kwenye jina la bibi, alifungua fundo la khanga yake, akatoa sarafu ya mia tano, akaja kuiweka mezani. Akaniambia, "Andika, mwanangu." Nikaandika, kisha nikasoma kwa sauti kama ninavyowasomea wengine: "Mia tano, baki elfu arobaini na tisa na mia tano." Vijana wawili waliokaa nyuma wakacheka. Tangu siku ile bibi hajaonekana jumuiyani wala kanisani.

Nilidhani anaumwa. Mwezi wa kumi nikaenda kumwona. Nilikuta sufuria iko juu ya mafiga, mjukuu mdogo anachochea moto. Nikafunua kwa mazoea ya jirani, nikaona maji matupu yanachemka. Yule mtoto akaniambia, "Bibi amesema tuwashe moto ili majirani waone moshi." Mwenye nyumba alikuwa anadai miezi mitatu. Mjukuu wa darasa la tano alikuwa na wiki mbili hajaenda shule, viatu vimeisha.

Nilirudi nyumbani nikafungua droo ya cherehani ninamoweka bahasha yangu ya kupaua. Ilikuwa na 150,000. Nikatoa 95,000: kodi 60,000, debe la mahindi 15,000, viatu na madaftari 20,000. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Jumatano iliyopita mwenyekiti akauliza mbona bahasha yangu haijaingia. Nikasema ukweli. Akaniambia mbele ya wote kwamba nimeiibia nyumba ya Mungu, kwamba pesa ikishaahidiwa si yangu tena, na kwamba maskini tutakuwa nao siku zote, Yesu mwenyewe kasema. Nikanyamaza. Nyumbani nako mume wangu akakasirika. Akasema, "Mtoto wetu anatafutiwa pesa ya hosteli, wewe unalisha watoto wa watu."

Jambo la mwisho naona aibu kuliandika. Sasa kila jioni mjukuu wa bibi anakuja na bakuli. Sijawahi kumrudisha mikono mitupu. Lakini nikisikia hodi yake nachoka moyo kabla sijanyanyuka. Huu ni Ukristo gani? Na kipi kinatangulia, Mama: nyumba ya Mungu, nyumba yangu, au bibi?

Mhazini, Iringa

*

Marahaba, binti yangu.

Hukumwibia Mungu. Nalitanguliza hilo ili leo upate usingizi. Mengine tuyazungumze taratibu, maana yapo, na mojawapo litakuuma.

Nianze na neno alilokutupia mwenyekiti. Ni kweli Yesu alisema maskini mnao siku zote. Lakini katika Marko 14:7 sentensi haikuishia hapo: akaongeza kwamba kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema. Na maneno yale yana asili yake. Yametoka Kumbukumbu la Torati 15:11, ambapo Mungu anasema maskini hawatakoma katika nchi, na kwa sababu hiyohiyo anawaamuru watu wamfumbulie mkono ndugu yao mhitaji. Mwenyekiti ametumia kama kisingizio mstari uliotolewa kuwa amri. Simlaumu sana, wengi tumeusikia ukisemwa hivyo tangu utotoni. Ila usikubali ukuhukumu.

Kuhusu pesa iliyoahidiwa, soma Marko 7, habari ya Korbani. Palikuwa na watu waliotangaza kwamba mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, halafu wakapata sababu ya kutowasaidia baba na mama zao wenye shida. Yesu aliwaambia kwamba kwa desturi hiyo wanalitangua neno la Mungu. Na alipolaumiwa kwa sababu wanafunzi wake wenye njaa walivunja masuke siku ya sabato, aliwakumbusha jinsi Daudi alivyokula mikate ya wonyesho, mikate mitakatifu kabisa, kisha akasema: "Nataka rehema, wala si sadaka." Sasa wewe ulikuta maji matupu jikoni, watoto watatu, na moshi wa kuficha njaa. Kama ungefunika ile sufuria ukaenda kukamilisha bahasha, hapo ningekuwa na maneno makali zaidi kuliko ya mwenyekiti.

Hata hivyo, ahadi yako haijafa. Mhubiri 5 inasema ukiweka nadhiri kwa Mungu usikawie kuiondoa. Uliitamka kwa kinywa chako. Kwa hiyo usiseme, "Sehemu yangu ya bati nilimpa bibi, tumemalizana." Chakula cha bibi ni deni moja, bati ni deni lingine, na yote mawili umeyabeba. Nenda kwa mchungaji au mzee wa kanisa wa mtaa wenu, mwambie utamaliza 400,000, ila itachelewa kwa miezi kadhaa, na umwambie kwa nini. Kuchelewa kunakosemwa wazi si kuvunja ahadi.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako kilinishtua, na najua hukukiona. Bahasha yako unaiweka kwenye droo ya cherehani. Je, pesa ya jumuiya unaiweka wapi? Kama ni droo hiyohiyo, itoe leo. Wewe ulichukua pesa yako ambayo hujaikabidhi, na hilo ni tofauti kabisa na kugusa pesa ya watu uliyokabidhiwa. Lakini aliyesikia maneno ya Jumatano hawezi kuona tofauti hiyo asipoonyeshwa. Omba watu wawili wa jumuiya wakae nawe wahesabu kila shilingi dhidi ya kitabu, waweke sahihi. Usisubiri kuombwa.

Sasa lile la kuuma.

Umeniuliza kama ulifanya dhambi mwezi wa kumi ulipofungua bahasha. Mimi nimekaa na ile Jumatano ya mwezi wa nane. Bibi kizee ametembea hadi mezani, amefungua fundo la khanga mbele ya watu, na pengine ile mia tano ilikuwa chumvi na kiberiti vya siku hiyo. Amekuita mwanangu. Na wewe ukamsomea deni lake.

Unalijua simulizi la mjane na senti zake mbili, Marko 12. Yesu ameketi kulielekea sanduku la hazina anaangalia watu wanavyotoa. Matajiri wanatia nyingi. Mjane anatia mbili. Yesu anawaita wanafunzi wake kuwaonyesha kwamba mama huyu ametoa kuliko wote. Hakuna mahali aliposema kuhusu baki. Tena rudi nyuma mistari michache: muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akiwaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mistari hiyo tumezoea kuisoma kwa kutenganisha, mmoja kwa mahubiri ya sadaka, mwingine tunauruka. Inakaa pamoja.

Najua hukumchekea. Walicheka vijana. Najua pia kwamba ni desturi, na kwamba kitabu umekirithi. Lakini sauti iliyosoma ilikuwa yako, binti yangu, na naamini moyo wako uliijua habari hiyo tangu siku ile, ndiyo maana ni wewe uliyekwenda kumtafuta na si mwenyekiti. Nenda ukamwombe radhi. Usimpelekee unga siku hiyo, nenda mikono mitupu, ili asidhani ni sehemu ya msaada. Mwambie, "Bibi, nilikusomea vibaya, nisamehe." Kwa chakula na kodi umeshamsaidia. Kumrudisha kwa watu bado.

Kisha kitabu hicho kisisomwe tena. Kila kaya ionyeshwe ukurasa wake peke yake, kimya, na mhazini. Watatoa pungufu? Huenda mwezi ule wa mwanzo. Paulo aliwaandikia Wakorintho habari ya mchango wa maskini wa Yerusalemu akasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima, na akaeleza kwamba kutoa hupokelewa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Kumpangia 50,000 bibi mwenye maji matupu jikoni ni kumdai kwa kadiri ya asicho nacho. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, wazee wetu nao walishasema.

Kwa kuwa ninyi ni Walutheri, nikusimulie jambo la kwenu ambalo ningependa kila mhazini alijue. Mwaka 1523 watu wa mji mdogo wa Leisnig, Ujerumani, waliandika kanuni ya sanduku la pamoja la usharika, na Martin Luther mwenyewe akaiandikia utangulizi. Sanduku liwe na kufuli nne tofauti. Ufunguo mmoja ukae kwa makabaila, mmoja kwa baraza la mji, mmoja kwa wenyeji wa mjini, mmoja kwa wakulima wa vijijini. Wasimamizi kumi, wachaguliwe kila mwaka, na hesabu isomwe hadharani (hesabu ya sanduku, si madeni ya wajane). Lakini angalia pesa hiyo iliagizwa ifanye nini. Kutoka sanduku hilohilo walipwe watumishi wa kanisa na walimu, watunzwe wazee, wasiojiweza na yatima, wakopeshwe mafundi walioanguka ili warudi kazini, na majengo ya kanisa yakarabatiwe. Utekelezaji ulileta ugomvi, baraza la mji liling'ang'ania mali isitoke mikononi mwake, na Luther alilalamika. Binadamu ni wale wale. Lakini waliowaza kanuni ile hawakuona kwamba paa la kanisa na sahani ya mjane vinagombea nafasi.

Ndiyo maana siwezi kukujibu swali lako la mwisho kama ulivyolipanga, la nani wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mathayo 6:33 inasema utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake. Tumelifanya neno hilo liwe na maana ya shughuli za kanisa: kwanza kwaya, kwanza jengo, kwanza vikao. Lakini Mfalme mwenyewe, katika Mathayo 25, anataja atakachouliza: nalikuwa na njaa, nalikuwa mgeni, nalikuwa uchi, nalikuwa mgonjwa, nalikuwa kifungoni. Siyadharau mabati. Nimeimba miaka chini ya turubai, mvua ikituangukia hadi vitabu vya nyimbo vikavimba, na nimechangia paa kwa furaha. Ila ufalme ukiutanguliza, ndio utakaokuelekeza lini ukate bati na lini ulipe kodi ya chumba. Mwezi wa kumi ulielekezwa, ukatii.

Mume wako ana haki kwa sehemu. 1 Timotheo 5:8 inamhukumu vikali asiyewatunza wa nyumbani mwake. Mtoto mwenye nusu mkopo ni wa nyumbani mwake. Kosa lako kwake silioni kwenye 95,000, naliona kwenye ile "sikumwambia mtu, hata mume wangu." Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, lakini mume si mkono wa kushoto wa kufichwa, ninyi ni mwili mmoja. Kaeni jioni moja na daftari. Andikeni ada na hosteli, andikeni bati, halafu mkubaliane kiasi cha wahitaji kila mwezi, hata kama ni 5,000 na bakuli la unga. Kikishakubaliwa na wawili hakitakuwa tena cha kufichwa kwenye droo. Na kabla ya yote mpeleke kwa bibi. Mpeleke tu, akae kwenye kile kigoda aone chumba. Mwalimu wa shule ya msingi anamjua vizuri mtoto aliyekaa darasani na njaa.

Na uchovu wako usikutie aibu. Unachoka kwa sababu kazi ya kaya 14 inafanywa na mmoja. Katika Matendo 6 wajane wa upande wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakumwambia mama mmoja mwenye huruma ajitahidi zaidi. Waliita kusanyiko zima, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, waliojawa na Roho, ili wasimamie chakula. Mnayo kamati ya diakonia usharikani? Neno hilo ndilo huduma ile ile ya mezani. Kama ipo kwa jina tu, wewe na wenzako wawili mwende kwa mchungaji mkaiamshe. Jumuiyani, kila kaya ije Jumatano na bakuli moja la unga au maharage. Mabakuli ya kaya nyingine kumi na tatu yataizidi nyumba ya bibi, na yatabaki ya mwingine, maana yupo mwingine ambaye moshi wake hujaukaribia.

Upande wa serikali usiuache. Ada ya shule ya msingi ya serikali imefutwa, lakini viatu, sare na madaftari bado ni vya mzazi, na hapo ndipo watoto wa bibi wanapokwama. Mwende na bibi ofisi ya mtaa, muulize kama kaya yake iliingizwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na kama haimo, kama kuna utambuzi mwingine utakaofanyika. Muulizeni pia afisa ustawi wa jamii kuhusu matibabu bila malipo ya wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi. Nalisisitiza hili kwa sababu ya macho. Macho yanayofifia katika umri huo mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Kama ndivyo ilivyo kwake, mtakuwa mmemrudishia mikono yake. Mtu anayejua kusuka kikapu cha milulu hataki kutuma mjukuu na bakuli kila jioni. Wale wa Leisnig walielewa hilo walipotenga pesa ya kumkopesha fundi.

Yule kijana wa Dodoma apigiwe simu na mzee wa kanisa, mwanaume mtu mzima, kwa upole. Paulo anasema watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwalipa wazazi wao. Huenda ni mlevi, huenda pikipiki si yake na jioni hapati kitu, hatujui. Asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Lakini watoto wasilale njaa wakimsubiri.

Mwenyekiti mwendee mwenyewe, nyumbani kwake, mkiwa wawili. Mwambie amekuumiza. Mwambie na habari ya moshi, maana Jumatano ile sidhani kama alikupa nafasi ya kuieleza.

Halafu mwombe kitu kimoja: ibada ya Jumatano ijayo iwe kwa bibi. Atakataa kwanza, atasema hana viti wala sukari. Bebeni viti. Chai pikeni kwako, ije kwenye chupa, na kitabu cha michango kibaki nyumbani.